JINO HALINA KOSA: HISTORIA YA MSWAKI, MENO NA AFYA YA MWILI MZIMA



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila Ramadhan ikiingia maswali ya kinywa huwa mengi kuliko mwezi mwingine wowote. Mswaki mchana unafaa? Dawa ya meno je? Nikiumwa na jino, niende nikang'oe au ningoje mpaka Idi? Maswali haya ni mazuri na masheikh wetu huyajibu. Lakini nyuma yake kuna swali kubwa zaidi, nalo lina historia ndefu: kinywa kina uhusiano gani na mwili mzima?

Siku hizi wako madaktari wa meno, hasa Marekani na Ulaya, wanaosema kwamba wao hawatibu jino tu, wanatibu mwili mzima. Jino, wanasema, si kama spea ya gari ambayo unaifungua, unaitengeneza na kuirudisha bila kuangalia injini. Neno hili ni kweli, lakini ni kweli nusu. Nusu ya pili imewatesa watu wengi, na mpaka leo inawatesa watoto wachanga hapa hapa Afrika Mashariki. Makala haya yanataka kuzitenganisha nusu hizo mbili, ili mimi na wewe tujue cha kushika na cha kuacha.

MSWAKI ULITANGULIA

Tuanze nyumbani. Neno letu "mswaki" limetoka kwa Kiarabu, na lugha yetu imelipenda kiasi kwamba hata ile brashi ya plastiki ya dukani tunaiita mswaki. Kumbe brashi yenye nyuzi za nailoni ni mtoto mdogo tu, iliingia sokoni Marekani mwaka 1938. Mti wenyewe, ambao Waarabu huuita araki na wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, unaota sehemu kavu zenye joto, kuanzia Bara Arabu mpaka kaskazini mwa Kenya. Huku kwetu Chepilat, kwenye baridi na mashamba ya majani chai, hauoti. Kwa hivyo vijiti vya araki tunavyotumia huku vimesafirishwa kutoka mbali.

Waarabu walijua kutumia mswaki kabla ya Uislamu. Mtume wetu (s.a.w.) aliufanya kuwa jambo la ibada. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alitamani kuuamrisha kwa kila swala, akahofia kuutia umma wake uzito. Na katika saa zake za mwisho duniani, Bi Aisha (r.a.) alimlainishia mswaki akapiga nao. Fikiria hilo, ndugu yangu. Mtu yuko katika sakarati, na bado anajali usafi wa kinywa chake.

Sasa angalia hikma ya mpango huu. Hakuna mahali tulipoambiwa tungoje mpaka jino liume. Tuliambiwa tusafishe kidogo kidogo, mara nyingi, kila siku. Sayansi ya leo, baada ya safari ndefu na makosa mengi, imerudi pale pale.

TABIBU WA CORDOBA

Kuhusisha meno na maradhi mengine si jambo jipya. Karne ya 7 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), tabibu mmoja wa mfalme wa Ashuru aliandika kwamba joto la kichwa, mikono na miguu ya mgonjwa linatokana na meno, na akashauri yashughulikiwe. Barua hiyo ilichimbuliwa Ninawi. Kwa hivyo wazo la kwamba jino bovu linaweza kuuwasha mwili mzima lina umri wa zaidi ya miaka 2,600.

Lakini aliyetufundisha adabu ya jambo hili ni Muislamu wa Andalusia, Abul Qasim Al-Zahrawi, aliyeishi karibu na Cordoba na kufariki mwaka 1013 hivi. Kitabu chake kikubwa, Al-Tasrif, kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa na matabibu wa Ulaya kwa karne nyingi. Ndani yake alichora vyombo vya kukwangulia ukoga, ule utando mgumu unaoganda kwenye meno karibu na ufizi, na akaeleza namna ya kuukwangua mpaka uishe. Alijua kwamba ukoga ukiachwa, fizi huharibika.

Na juu ya kung'oa alikuwa mkali. Alitaka tabibu ajaribu kila njia ya kuliokoa jino kwanza, maana ni kiungo chenye heshima na likitoka halina badala. Pia aliwaonya watu na vinyozi wajinga wa zama zake, ambao walikuwa wakivamia mdomo wa mgonjwa na kung'oa jino zima, huku lenye ugonjwa wakiliacha. Alieleza kwamba maumivu hudanganya: mgonjwa mwenyewe anaweza kuonyesha jino lisilo lenyewe.

Weka hilo akilini: maumivu hudanganya. Maana yaliyofuata miaka 900 baadaye ni matokeo ya kulisahau neno hilo.

WALIPOANZA KUYALAUMU MENO

Mwaka 1910, daktari wa London anayeitwa William Hunter alisimama mbele ya wasomi katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Canada, akawashutumu madaktari wa meno. Alisema wanaweka dhahabu juu ya usaha, na kwamba uchafu uliofungiwa chini ya jino unaenea mwilini na kuleta maradhi mengine. Miaka hiyo hiyo, Frank Billings wa Chicago alikuwa akifundisha kwamba maambukizi madogo yaliyojificha kwenye jino au kwenye tonsili yanaweza kuwa mama wa ugonjwa wa viungo, wa figo na wa moyo.

Hapakuwa na ubaya kuuliza. Ubaya ulikuja pale swali lilipogeuzwa jibu kabla ya kupimwa. Meno ya watu yakaanza kung'olewa kwa maelfu, mengi yakiwa mazima kabisa, kwa sababu tu mtu anaumwa na magoti au anachoka ovyo. Mtu alikuwa anaingia na ugonjwa wa viungo, anatoka na ugonjwa wake ule ule na kinywa kitupu. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, daktari mkuu Henry Cotton aliamini kwamba wazimu unatoka kwenye meno. Aliwang'oa wagonjwa meno, na yasipowaponya, alihamia kwenye tonsili na hata matumbo. Wako waliokufa kwa upasuaji huo.

Kilichozima moto huu ni hesabu. Mwaka 1938 madaktari wawili wa Marekani, Cecil na Angevine, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 200 wa baridi yabisi. Waliona kwamba kuondoa meno na tonsili hakukuwasaidia. Polepole mtindo ule ukafa. Lakini ulipokufa ulizika na ukweli uliokuwa ndani yake: kwa miaka mingi baada ya hapo, hospitali nyingi zilifanya kana kwamba kinywa ni nyumba nyingine na mwili ni nyumba nyingine.

DAKTARI ALIYEKUJA KENYA MWAKA 1935

Miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele kuyalaumu meno alikuwa Weston Price, daktari wa meno wa Cleveland, Marekani. Mwaka 1923 alitoa vitabu vikubwa akidai kwamba jino lililotibiwa mzizi ni hatari kwa mwili. Majaribio yake hayakusimama yalipopimwa kwa njia bora zaidi. Lakini mtu huyu alifanya jambo jingine linalotuhusu sisi. Mwaka 1935 alikuja Afrika Mashariki, akapita Kenya, Uganda na Kongo, akifungua vinywa vya watu na kuhesabu meno.

Kwa Wamaasai alipima watu 88 wenye meno 2,516. Meno mabovu aliyoyakuta yalikuwa 10 tu, yote katika vinywa vya watu 4. Kwa Wakikuyu alipima watu 33 wenye meno 1,041, akakuta mabovu karibu 5 na nusu katika kila 100. Wamaasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Wakikuyu kwa viazi vitamu, mahindi, maharagwe, ndizi na mtama. Na kila alipokuta watu waliohamia kwenye unga mweupe, sukari na vyakula vya mkebe, aliona meno yanaoza zaidi. Hakuwa wa kwanza kushangazwa na tofauti hiyo. Mwaka 1931 John Boyd Orr na Gilks walikuwa wameshachapisha uchunguzi wao juu ya lishe na afya ya makabila hayo hayo mawili.

Wale madaktari wa "mwili mzima" wa leo wanamtaja Price kama babu yao. Sisi tumchukue kwa mizani. Kwenye sukari alikuwa sahihi, na uchunguzi mwingi uliokuja baadaye umelithibitisha hilo. Pale alipochukua kila tofauti ya sura na afya ya watu akaitundika kwenye chakula peke yake, alizidisha. Na pale alipowatisha watu na jino lililotibiwa mzizi, alikosea. Mtu mmoja anaweza kuwa na macho makali na hukumu ya haraka. Chukua macho, acha hukumu.

Wakati Price anapita Kenya, majani chai ya biashara yalikuwa yameshaanza kupandwa Kericho miaka ya 1920. Leo ukisimama hapa Chepilat, kwenye barabara ya Sotik kwenda Keroka, Bomet upande mmoja na Nyamira upande mwingine, kijani ndicho unachokiona. Jani la chai halina hatia, na kwa hakika lina floraidi, madini yanayoyasaidia meno yakiwa ya kiasi. Tatizo ni vile vijiko vitatu vinne vya sukari tunavyotia ndani ya kikombe, na mandazi juu yake.

MENO YA PLASTIKI

Sasa tufike mahali panapouma. Usije ukawacheka Wamarekani wa mwaka 1920 ukadhani sisi tumesalimika.

Hapa Afrika Mashariki kuna kitu watu wanakiita meno ya plastiki au meno ya nailoni. Uganda wanasema ebiino. Mtoto ana miezi minne, mitano au zaidi. Ana homa, anaharisha, anatapika, hanyonyi. Mtu anafungua kinywa chake anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, pale ambapo jino la chonge litaota. Anasema, "Hilo ndilo linalomuua mtoto, ling'olewe." Linachimbuliwa kwa kisu, kwa msumari au kwa waya wa gurudumu la baiskeli. Bila ganzi. Chombo hicho hicho kinakwenda kwa mtoto mwingine.

Uganda jambo hili liliandikwa na wataalamu tangu miaka ya 1960, na Tanzania lilivuma miaka ya 1980. Kwa Wamaasai wa Kenya, majirani zetu wa upande wa Narok, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 ulikuta kwamba kati ya watoto 95 wa miezi sita mpaka miaka miwili, 87 katika kila 100 walikuwa wameng'olewa mbegu ya jino la chonge, moja au zaidi.

Ule uvimbe si plastiki, si funza, si uchawi. Ni jino la mtoto mwenyewe linalojiandaa kutoka, kama Mola alivyoliumba. Kuharisha kuna sababu zake. Umri huo ndio mtoto anaanza kupewa uji na maji, anaanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua. Mambo mawili yanakutana kwa wakati mmoja, na jino linahukumiwa kwa kosa la maji machafu. Mtoto anayeharisha anahitaji maziwa ya mama, dawa ya kuongeza maji mwilini na zahanati. Badala yake anapoteza damu, anaweza kupata pepopunda au viini vya ukimwi, na akipona, jino la kudumu linaloota baadaye huenda likaota limeharibika. Wako watoto waliokufa.

Hili si suala la kabila fulani wala la wasiosoma. Daktari Cotton alikuwa amesoma sana. Ni kosa lile lile la Trenton: ugonjwa haujulikani ulipotoka, jino liko karibu na linaonekana, basi jino lishike lawama.

Na tusichanganye mambo. Wazee wa Kipsigis na jamaa zao wa Kalenjin walikuwa na mila ya kung'oa meno mawili ya mbele ya chini, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mgonjwa wa pepopunda akifunga taya aweze kulishwa uji au maziwa kupitia mwanya ule. Ilikuwa hesabu ya watu waliouona ugonjwa huo ukiua kabla ya kuwa na chanjo. Leo chanjo ipo, na sababu ile imeondoka.

UKWELI ULIOBAKI

Basi tutupe yote? La. Ile nusu ya kweli imerudi ikiwa na ushahidi.

Kwanza, moyo. Viini vya kinywani vikipenya kwenye fizi zinazotoka damu huingia kwenye mishipa. Kwa mtu mzima wa afya mwili huvimaliza. Lakini kwa mtu ambaye vali za moyo wake, yaani ile milango ya ndani, zimeharibika, viini vinaweza kuota pale na kuleta ugonjwa wa kuua. Na moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni si nadra katika nchi zetu. Ukiwa na mtu kama huyo nyumbani, daktari wa meno lazima aambiwe kabla hajagusa jino.

Mwaka 1989 watafiti wa Finland walilinganisha watu waliopatwa na shtuko la moyo na wasiopatwa, wakakuta meno ya wale wa kwanza yako vibaya zaidi. Tangu hapo tafiti nyingi zimeonyesha mambo haya mawili yanatembea pamoja. Lakini kutembea pamoja si kusababishana. Mwaka 2012 shirika la moyo la Marekani lilisema wazi kwamba haijathibitika kuwa kutibu fizi kunazuia shtuko la moyo. Umeona tofauti? Safari hii wamejifunza kungoja.

Pili, kisukari. Hapa ushahidi ni mzito zaidi, na njia ni ya kwenda na kurudi. Sukari ikipanda kwenye damu, fizi huvimba na kuoza haraka. Na fizi zikivimba, sukari inakuwa ngumu kushuka. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kwamba kutibu fizi za mgonjwa wa kisukari hushusha sukari yake kwa kiasi fulani.

Tatu, jipu la jino. Usaha wa gego la chini unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, ukaziba pumzi. Uso ukianza kuvimba, ukishindwa kumeza au kufungua kinywa, hiyo si ya kungoja Idi. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Shari'a imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua, na siku hulipwa.

Na mswaki wetu? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 kutoka Sudan ulikuta fizi za watu waliozoea kijiti cha mswaki ni sawa na za wanaotumia brashi, au bora kidogo. Kwa upande mwingine, Kenya ilipofanya uchunguzi wake wa kitaifa wa afya ya kinywa mwaka 2015, karibu watu wazima wote waliopimwa walikuwa na fizi zinazotoka damu. Kwa hivyo sunna tunayo, lakini utendaji uko wapi?

RAMADHAN HII TUFANYE NINI

Saa mbaya kwa meno ni baada ya daku. Tunakula tende na chai ya sukari, tunaswali Alfajiri, tunalala. Mtu akilala mate hupungua, na mate ndiyo maji ya kuosha kinywa. Viini vinabaki na sukari vikitengeneza asidi inayokula jino. Kwa hivyo jipange umalize kula mapema, upige mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi kabla ya adhana. Ukitumia kijiti, tafuna ncha mpaka iwe nyuzi, fikisha kwenye magego ya nyuma na upande wa ndani, na kata ncha iliyochakaa. Wengi wetu tunasugua meno manne ya mbele tu, yale yanayoonekana tukicheka.

Mchana, kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafi ni kwamba mswaki unachukiza baada ya jua kupinduka, kwa kuheshimu harufu ya kinywa cha mfungaji. Wanazuoni wengine wengi, na Imam Nawawi miongoni mwa Mashafi wenyewe, hawakuona karaha. Muulize sheikh wako, lakini usifanye hiyo kuwa sababu ya kuacha mswaki asubuhi na usiku.

Sukari, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa kwa siku isizidi vijiko vidogo 12 hivi kwa mtu mzima, na ikiwezekana isizidi 6. Hesabu vikombe vyako vya chai usiku wa leo halafu ujijibu mwenyewe. Tende tatu na maji ni futari njema. Sharubati, soda na kaimati za shira juu yake ni nafsi tu.

Jino likiuma, nenda kwa aliyesomea. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha madaktari wa meno tangu mwaka 1974, na hospitali kubwa za Kisii, Kericho na Longisa si mbali na sisi. Mtu wa sokoni akikwambia ana dawa moja ya meno, mgongo, presha na nguvu, mkumbuke daktari Cotton. Akikwambia mtoto wako ana meno ya plastiki, mbebe mtoto wako mpeleke zahanati. Na ewe mama, ewe bibi, wewe ndiye mlinzi wa kwanza wa kile kinywa kidogo. Sema hapana, hata kama anayesema ng'oa ni mkubwa wako. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Jino ni amana kama jicho na sikio. Tusiliache lioze tukisema ni jino tu, na tusilitwike maradhi ambayo si yake. Tulisafishe kidogo kidogo, kila siku, kama tulivyofundishwa.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu na awape shifaa wagonjwa wetu. Ramadhan Kareem.

Wabillahi tawfiq.